Chetezo Kimoja, Mabinti Watatu

Sogeeni karibu. Mwenye mtoto mtulivu akae nyuma huko, hadithi hii haimhusu, na naomba asinishauri kitu. Ninasimulia nikiwa na hasira zangu, na mwishoni nyie ndio mtakaonikatia shauri.

Alikuwapo Tanga mama mmoja, Mwanahawa, aliyejaaliwa mabinti watatu, kila mmoja na kipaji chake. Kibibi, mkubwa, alipewa miguu. Ukimtuma chumvi, kabla hujamaliza kusema keshafika dukani, na kwa kuwa hakukusikiliza anarudi na kiberiti. Riziki, wa kati, alipewa kukwea. Kabati, geti, mabega ya mgeni, chochote kilichosimama kwake kilikuwa ngazi. Saumu, kitinda mimba, alipewa sauti. Siku aliyozaliwa mkunga alimwambia mama yake, "Huyu hutapata shida ya kumtafuta."

Nyumbani vipaji hivyo vilichekesha. Hadharani vilimtia Mwanahawa aibu mpaka akatamani ardhi ipasuke. Sokoni, hospitali, msibani, nyuma yake alisikia maneno yaleyale: "Watoto gani hawa? Hawafunzwi?" Hawafunzwi! Na yeye anawafunza mpaka koo linamkauka. Wakiwa na baba yao, watu husema, "Maskini, baba wa watu anahangaika." Wakiwa na mama, ni malezi mabaya. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

Ikafika harusi ya mdogo wake, Mishi. Kwao kuna desturi: bibi harusi akitolewa chumbani, mbele yake hutangulia msichana wa nyumba ile amebeba chetezo chenye makaa na udi. Ni mmoja tu. Hufungwa kanga ya bibi mwenye nyumba, na kanga hiyo inakuwa yake maisha. Bi Mwanatumu, mama yao Mwanahawa na Mishi, alikwisha kuipiga pasi, ipo kitandani. Wale wajukuu watatu waliiota tangu siku ya posa.

Mwanahawa akawaambia, "Atakayetulia ndiye atakayebeba. Mwenye kukimbia, kukwea au kupiga kelele, asahau."

Asubuhi akawasha mkaa wa chetezo kwenye seredani. Akautazama ua, akawatazama wanawe, roho ikamruka. Hawa wataukumba moto, akasema. Akaibeba seredani na makaa yake, akaiweka stoo ya uani, akaurudishia mlango. Likumbukeni hilo.

Walitulia. Walitulia mpaka lilipopita sinia la kwanza la kaimati. Kibibi akakatiza mbio, sinia likaruka, kaimati zikabingirika miguuni mwa wageni. Riziki akaonekana amekaa juu ya kiti cha bibi harusi, tena si pa kukalia, pale juu pa kuegemea, ananyofoa maua. Na Saumu, muziki ulipokatika kidogo kubadilisha wimbo, bahati gani hiyo, akauliza harusi nzima isikie: "Mama, mbona yule bibi anatia sambusa kwenye mkoba?"

Yule bibi alikuwa Bi Sharifa, mama mzazi wa bwana harusi.

Bi Sharifa akaufunga mkoba polepole. Akampapasa kichwa mjukuu wake, Nasri, aliyeanza kutembea juzijuzi tu.

"Mjukuu wangu huyu hapa. Ukimweka hapa, unamkuta hapahapa. Mtoto ni malezi, bibi wee."

Mwanahawa masikio yakamwaka. Akawafinya wanawe mmoja baada ya mwingine, akawasukuma uani, akawasimamisha nyuso ukutani. Kisha akarudi mbele ya wageni na kuapa: "Wallahi, leo chetezo hakibebwi na binti yangu yeyote!" Wanawake wakaguna kwa kuridhika, na mguno ule ukamzidishia hasira.

Sasa yule wa kuwekwa hapa akakutwa hapahapa, hakuwa hapo tena. Nani anamwangalia mtoto mtulivu? Alijiendea uani, akaingia stoo, akausukuma mlango nyuma yake, na komeo lake legevu likajiangukia kwa ndani. Ndani mle mlikuwa na nini? Nyie mnajua.

Saumu, uso wake ukiwa kwenye ukuta wa stoo, akasikia kikohozi, kisha kilio, kisha kilio kinafifia. Akapiga ukelele, "Mtoto anakufa!" Shangazi mmoja akatoka: "Nyamaza, huna haya?" Hakunyamaza. Alipiga ukelele mpaka muziki ukazimwa, mpaka Mwanahawa akatoka mbio, ndara mkononi, tayari kumchapa. Ndipo wote wakauona moshi chini ya mlango.

Mlango ule ulikuwa wa mninga. Wakausukuma kwa mabega, wapi! Wanaume wote walikuwa msikitini kwenye nikaha. Juu ukutani palikuwa na kidirisha kisichopitisha bega la mtu mzima, na wakati wakubwa wanabishana, Riziki alikwisha kukifikia. "Shuka!" Mwanahawa akafoka, kwa mazoea. Hakushuka. Aliingia kichwa mbele, akaangukia kwenye magunia, akapapasa gizani akiwa ameziba pua, akainua komeo. Alitoka na goti linavuja damu na gauni la harusi limechanika.

Nasri akatolewa amelegea, hapumui. Bi Sharifa akapiga mayowe. Wanawake wote pale hakuna aliyejua la kufanya, lakini Kibibi hakungoja kutumwa. Nesi Tunu alikaa upande wa pili wa msikiti, na njia sasa ilikuwa imejaa wanaume waliokwisha kutoka msikitini, wanamleta bwana harusi kwa kaswida. Kibibi hakuzunguka. Alipita katikati yao, kichwa wazi, miguu mitupu, akampiga bwana harusi kikumbo, kofia ikaanguka vumbini. "Mtoto wa nani huyu?" wakafoka. Akarudi kwa njia ileile, anamburura Nesi Tunu kwa mkono. Nesi akapiga magoti, akampulizia mtoto pumzi, akampulizia tena, mpaka Nasri akakohoa na kulia.

"Angekosekana mmoja kati ya hawa watatu," Nesi akasema alipoelezwa yaliyopita, akijifuta jasho, "sasa hivi tungekuwa tunatafuta sanda."

Bi Sharifa alikuwa amekaa chini kwenye mchanga, mkoba umefunguka, sambusa zote nje. Akalia sana. Kisha akasema, "Aliyemwokoa mjukuu wangu ndiye abebe chetezo. Yupi?"

"Mimi!" Saumu akasema. "Bila mimi msingejua kama yumo."

"Mngejua halafu mngefanya nini?" Riziki akajibu. "Nani alifungua?"

"Ulifungua ukatoa mtoto hapumui," Kibibi akasema. "Nani alileta pumzi?"

Bi Sharifa akamgeukia Mwanahawa. "Chagua wewe, mwanangu."

Mwanangu! Sasa hivi ndiyo mwanangu. Mwanahawa alimtazama mama huyu kwa hasira isiyo na pa kwenda, maana nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe. Seredani aliiweka nani? Na ndara bado ilikuwa mkononi.

"Nimeapa," akasema.

"Kiapo kina kafara," Bi Mwanatumu akamjibu. "Utafunga, Mungu atakusamehe."

"Na neno nililowapa wanangu, lina kafara gani? Niliwaambia atakayetulia. Hawa wamekimbia, wamekwea, wamepiga kelele, na yote mbele za watu! Nikiwapa, kesho nitawaambia nini wanisikie?"

Na Saumu, yule Saumu mwenye sauti, akamshika kanga, akauliza kwa sauti ndogo ambayo mama yake hakuwahi kuisikia: "Mama, tungetulia?"

Ndara ikamtoka Mwanahawa mkononi.

Nje kaswida imefika. Bwana harusi yuko mlangoni, kofia ina vumbi. Mishi kasimama chumbani, keshafunikwa ushungi. Makaa yametolewa katika seredani ileile, udi umeshatiwa, na kanga ni moja.

Haya, nyie. Apewe aliyesikia, aliyefungua, au aliyekimbia? Au kiapo cha mama kisimame, wote watatu warudi ukutani? Nijibuni, bwana harusi anangoja. Na yeyote anayetaka kuniambia, "Kwanza mama angewafunza," huyo atoke nje, akatulie huko.