Ndugu wa Ziwa Moja na Ufunguo wa Masijala

Hapo zamani, na msinitolee macho, si zile zamani za majini, ni hizi za juzi za ofisi na mihuri, palikuwa na mji mmoja wa bara. Jina lake silitaji, maana kisa chenyewe ni cha siri. Katika mji huo kulikuwa na masijala ya siri, chumba ambamo serikali hufungia mambo yake yasiyosemwa, na mtunza ufunguo wake alikuwa amestaafu. Kazi ikatangazwa. Atakayeipata, walisema, awe mtu wa kweli na mtu wa kufunga mdomo. Lishikeni hilo: mtu wa kweli, na mtu wa kufunga mdomo.

Watatu wakaitwa kwenye usaili. Nyamizi, karani wa mahakama, mwanamke asiyejua kupindisha neno. Kashindye, aliyewahi kuwa mwalimu, mcheshi, mpenda watu. Na Sikudhani, mpiga chapa, ambaye ndiye ninayemfuata mimi. Sikudhani aliitaka kazi ile kwa sababu moja: ilikuwa na nyumba ya serikali. Mama yake alikuwa akiishi kwa mkwewe, mume wa dada yake Sikudhani, akisimangwa kwa kila kijiko cha sukari, na mwezi ule mkwe alikuwa amemwambia wazi, "Mama, tafuta pa kwenda."

Sasa kazi kama hiyo huulizwi tu umesoma wapi. Kuna upekuzi. Majirani wanaulizwa kama unalewa, kama una domo, ndugu zako ni nani na wako wapi. Ndiyo maana wale watatu wakaamua kujiandaa pamoja, uani kwa Nyamizi. Mmoja anakaa kitini anakuwa mpekuzi, wengine wanakaa mkekani wanajibu. Jioni moja zamu ya kiti ilikuwa ya Kashindye.

"Jina lako?"

"Sikudhani binti Mrisho."

"Unakunywa?"

"Chai."

"Umewahi kushtakiwa?"

"Sijawahi."

"Ndugu zako?"

Sikudhani akavuta uzi wa mkeka.

"Umemeza mate, dada," Kashindye akasema. "Hapo hapo mpekuzi amekukamata. Sikiliza, usijizoeze uongo hapa, kule utakwama. Tupe ukweli wenyewe, nasi tutakutafutia namna ya kuusema. Cha uani kinabaki uani."

"Kinabaki uani," Nyamizi akaitikia.

Hapo ndipo walipoharibu, jamani. Mtu anajiandaa kutunza siri, anaanza kwa kuitoa.

"Nina kaka," Sikudhani akasema. "Si wa tumbo moja, wa ziwa moja. Mama yake alifariki akimzaa, na mama yangu alikuwa ndiyo kwanza amenizaa mimi. Akatunyonyesha wote, mimi kulia, Shabani kushoto. Alipokua akaingia jeshini. Baba yake akafa, akaomba ruhusa akazike, akanyimwa. Akaruka ukuta, akaja akazika, hakurudi tena. Yuko ng'ambo ya reli anafyatua matofali. Kule wanamwita Masanja."

Nyamizi akauliza, "Sasa huyo ni ndugu au si ndugu?"

"Kwenye karatasi si ndugu," Kashindye akasema. "Baba mbali, mama mbali. Ukiulizwa, mruke."

"Kama si ndugu, mbona dini inanikataza kuolewa naye?"

Mazoezi ya siku ile yakaishia hapo.

Siku ya usaili ikafika. Wakakaa kwenye benchi la ukumbini. Akaitwa Nyamizi. Akakaa huko ndani mpaka Sikudhani akaanza kuhesabu vigae. Alipotoka alipita akiangalia sakafu, wala hakusema shoga yangu nakutakia heri. Punde gari la askari likawashwa nje, likaondoka. Akaitwa Kashindye. Kicheko chake kikasikika hadi ukumbini, akatoka, akamkonyeza Sikudhani kama kumwambia usiwe na wasiwasi. Kisha hakuitwa mtu. Saa zikapita. Gari likarudi. Ndipo alipoitwa.

Mpekuzi aliitwa Mzee Luhende, mtu wa maneno machache. Akampa Sikudhani msahafu, naye akaapa kusema kweli.

"Jina lako?"

"Sikudhani binti Mrisho."

"Unakunywa?"

"Hapana, mzee."

"Umewahi kushtakiwa?"

"Sijawahi."

"Ndugu zako?"

Jibu alikuwa nalo, alipewa uani: mruke. Lakini msahafu ulikuwa bado mkononi mwake. Alimfikiria mama yake. Alifikiri, nikimtaja Shabani, mama analala nje. Nisipomtaja, nimemfuta mtoto aliyemnyonyesha mwenyewe.

"Nina dada wa tumbo moja," akasema. "Na nina kaka wa ziwa moja. Alitoroka jeshi."

"Yuko wapi?"

"Hilo sisemi."

"Umeapa."

"Nimeapa kusema kweli, mzee. Kweli ni kwamba najua alipo, na sisemi."

Mzee Luhende akaliandika hilo. Kisha akafungua mlango wa pembeni. Wakaingia Nyamizi na Kashindye, walioambiwa wasubiri chumba cha pili. Nyuma yao askari wawili, na katikati yao Shabani, ana pingu mikononi na udongo wa matofali hadi kwenye viwiko. Sikudhani akashika meza.

"Huyu nimemuuliza kama ana dada," Mzee Luhende akasema. "Ajibu tena, msikie wote."

Shabani alijua siku ile ni siku ya usaili. Alikuwa amemwambia dada yake, ukipata nyumba, jiko la mama nitalijenga mimi. Akamtazama usoni kama mtu anayemtazama mpita njia.

"Huyu mama simjui," akasema. "Mimi sina dada."

"Haya," Mzee Luhende akasema. "Bibi Nyamizi ameniambia yote, hadi jina la Masanja. Bwana Kashindye nimemuuliza kama mwenzake ana jambo, akaniapia hana. Wewe umenipa nusu. Na huyu anasema hamjuani. Kila mmoja ajitetee."

Nyamizi akasema, "Uani niliahidi, hapa niliapa. Nikimfichia shoga yangu leo, kesho nitamfichia nani? Kazi hii inataka mtu wa kweli. Inaniuma, lakini nimesema kweli."

Kashindye akasema, "Mimi nilimlazimisha aseme, kwa hiyo siri ilikuwa mzigo wangu. Umenibana, mzee, sikuitoa. Kazi hii inataka mtu wa kufunga mdomo. Nimeapa uongo, lakini nimefunga mdomo."

Ikafika zamu ya Sikudhani. Mzee Luhende akamsogezea kiti.

"Binti, kwa sheria mtu uliyenyonya naye si ndugu," akasema kwa upole. "Mwenyewe amekukana. Nawe mkane, niandike kwamba ulichanganyikiwa, usaili wako uendelee safi. Neno moja tu."

Shabani akamtazama dada yake, akamwashiria kwa kichwa. Yaani, nikane. Sikudhani akaanza kulia, na hakujali nani anamwona.

"Ni kaka yangu," akasema. "Mnisamehe. Mimi nimesema langu, nikaficha lake. Zaidi ya hapo sina."

Askari wakamtoa Shabani. Alipofika mlangoni akageuka, akarudia kwa sauti kubwa, "Simjui huyo." Mlango ukafungwa.

Mzee Luhende akautoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya meza, katikati yao watatu. Ufunguo ni mmoja.

Tulia wewe uliyekwisha kunyoosha kidole kwa Kashindye, kiapo chake umekisahau? Nawe unayemtukana Nyamizi, ungekuwa wewe ndiye serikali ungemtukana? Na wewe uliyemwonea huruma Sikudhani, uani aliitoa nani ile siri? Wapo hata watakaosema aliyestahili ametolewa nje na pingu.

Basi semeni, mmoja mmoja, na msikwepe: siri yako wewe, ile ambayo ikijulikana kuna mtu wako atafungwa, kati ya hao ungempa nani ufunguo wake?