Siku ya Bi Nguchiro Aliyopewa Nyani

— Nitegeeni sikio!
— Sikio hili hapa!
— Moja?
— Mawili!
— Na la tatu?
— Tutaazima kwa jirani!

Haya, msiazime mbali, hadithi yenyewe si ndefu na leo sina subira. Wewe Kidawa, acha kuchezea hicho kifuniko cha ndoo. Yule pale anayepepeta mchele ni Mama Salme, mke wangu. Hadithi hii ameisikia mpaka ameichoka, kwa hiyo akikohoa msigeuke. Ananikoholea mimi.

Hapo kale, ndani ya kichuguu, aliishi Nguchiro na mkewe, Bi Nguchiro. Nguchiro alikuwa mdogo, mdogo kabisa, lakini mjanja wa kutisha. Nyoka alimkimbia. Chui alimpisha njia. Na mwenyewe alijua kwamba ni mjanja. Hilo ndilo lililomponza, lakini tusikimbilie huko.

Siku ya kuzaliwa ya Bi Nguchiro ilikuwa Jumapili. Nguchiro akamwambia, "Mke wangu, mwaka huu hupiki. Wikendi hii tunatoka! Twende Bwawani, tulale huko Jumamosi, na Jumapili nikupeleke mgahawani ule mpaka ulegee."

Bwawani ulikuwa mji mdogo kando ya bwawa, wanyama wakienda huko kupumzika. Ulikuwa na migahawa mitatu. Na desturi yao ilikuwa kama yetu. Mwenye siku anaimbiwa, anapewa sahani ya kwanza, halafu anaogeshwa. Maji ya ndoo, maji ya jagi, maji ya sufuria, chwaa! Anapiga kelele, anakimbizwa, analowana chapachapa, na kila mtu anacheka. Ndiyo mapenzi hayo. Mtu ambaye siku yake imepita na yeye mkavu, mwulizeni amewakosea nini wenzake.

Bi Nguchiro akatoa gauni lake kuukuu, la rangi ya kunde, akalikunja vizuri, akalitia kikapuni.

"La nini hilo?" akauliza Nguchiro.

"La kulowana," akasema, akaona haya, akacheka.

"Sasa unataka tukale wapi?"

"Popote tu, mume wangu."

Popote tu! Mnacheka nini? Wenye ndoa wanajua ninachosema. Nguchiro hakujua. Alifurahi, akaona kazi imekuwa nyepesi, akachukua fimbo yake wakaondoka.

Wamefika kijitoni, wakamkuta Nyani amekaa juu ya jiwe. Dume la nyani, mikono mirefu, meno marefu, tumbo halina mwisho. Na alikuwa na ugonjwa mmoja wa ulimi. Hakujua kusema "mnakwenda". Alijua "tunakwenda" tu. Hakujua "mnakula". Alijua "tunakula" tu.

"Tunakwenda wapi?" akauliza Nyani.

"Mimi na mke wangu tunakwenda Bwawani," akasema Nguchiro. "Sisi wawili."

"Vizuri sana! Tunakwenda Bwawani!" Akayaonyesha yale meno. Nani abishane naye?

Wakavuka kijito. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu, lakini Nyani aliinua mkia juu, akakanyaga mawe kwa ncha za vidole, huku analia, "Mamaa! Mamaa!" Tone moja likamrukia kwenye goti, akaruka nusu ya mti. Nguchiro aliliona hilo akaliweka akilini.

Wakaingia mjini. Kibanda cha kwanza kilikuwa cha Bi Kanga. Mnamjua kanga, yule ndege wa madoadoa? Huyo alikuwa mama ntilie, anakaanga kumbikumbi kwa chumvi, tsss, tsss, harufu inakuita kwa jina. Benchi moja, meza moja inayocheza mguu. Bi Nguchiro akapunguza mwendo.

"Kumbe bado anakaanga," akasema taratibu.

"Nani?" akauliza Nguchiro.

"Hakuna kitu."

Kwenye benchi hilo hilo ndipo walipoonana mara ya kwanza, wangali vijana, wakala kumbikumbi wa sahani moja. Nguchiro alikuwa amesahau? Hapana. Alikuwa na shughuli kichwani. Alikuwa anawaza namna ya kumkomesha Nyani. Ukimwaza sana adui yako, wa pembeni yako humsikii. Mama Salme, nimeona, umekohoa.

Nguchiro akasema moyoni, "Twende kwa Kiboko. Sahani zake kubwa. Hata Nyani akila, kitabaki."

Wakaenda kwa Kiboko. Sinia la ndizi za kupika likaletwa, moshi unapaa. Nyani akavuta kiti. "Tunakula nini?"

Gubu! Gubu! Gubu! Sinia jeupe. Bi Nguchiro alibahatika kupata ndizi moja, tena ile iliyoungua.

"Samahani, mke wangu," akasema Nguchiro.

"Si kitu," akasema Bi Nguchiro.

Jioni Nguchiro akasema moyoni, "Twende kwa Korongo. Yeye anauza samaki. Samaki wana miba. Nyani ataogopa miba."

Wakaenda kwa Korongo. Perege wakaletwa, wamekaangwa, wamelala na vitunguu. Nyani akavuta kiti. "Tunakula nini?"

Gubu! Gubu! Gubu! Na miba humo humo. Bi Nguchiro alibahatika kupata kitunguu.

"Samahani, mke wangu."

"Si kitu."

Mnaona lakini? Mgahawa wa kwanza alimchagulia Nyani. Wa pili alimchagulia Nyani. Siku ya mke, wikendi ya mke, na kila akipima jambo anapimia tumbo la Nyani. Mimi simtetei Nguchiro. Namtetea kidogo tu, kwa sababu alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki.

Jumapili asubuhi Bi Nguchiro aliamka na njaa ya jana. Akalitoa lile gauni kikapuni, akalitundika mkononi.

"Leo ni siku yangu," akasema.

"Ndiyo, mke wangu! Sasa leo tukale wapi?"

"Popote tu." Halafu akageuza uso upande wa kibanda. "Nasikia harufu ya kumbikumbi."

Alikuwa amesema! Kwa mwanamke yule, huko kulikuwa kupiga ngoma. Na Nguchiro akaruka juu kwa furaha. "Kwa Bi Kanga! Twende kwa Bi Kanga!" Bi Nguchiro akatabasamu, akajua amesikika.

Hakusikika. Nguchiro alikuwa ameikumbuka ile mitungi mikubwa sita ya Bi Kanga, imejaa maji pomoni, imepangwa nyuma ya kibanda.

Wakafika. Wageni walikuwa wengi: Pimbi na watoto wake, Kobe, Nungunungu, Swala na dada zake. Nyani akavuta benchi. "Tunakula nini?"

Bi Kanga akatoka na mwiko mkononi. Akaona gauni kuukuu kwenye mkono wa Bi Nguchiro, akapiga kigelegele. "Naona nguo ya kulowana! Hapa kuna mwenye siku! Ni nani nimpe sahani ya kwanza?"

Bi Nguchiro akafungua mdomo. Nguchiro akamtangulia.

"Mwenye siku ni Bwana Nyani!"

Bi Nguchiro akamtazama mumewe. Nguchiro akamkonyeza, kwamba ngoja, utaona.

Nyani akauliza, "Mwenye siku anapata nini?"

"Sahani ya kwanza. Imejaa. Peke yake, bila kugawana na mtu."

"Basi ni mimi!" Nyani akapiga kifua, du, du, du. "Nimezaliwa leo! Nimezaliwa asubuhi hii!"

Maskini, desturi aliijua nusu. Hakuna aliyewahi kumwalika kwenye siku yake, wote walikuwa wakimkimbia, angeyajulia wapi maji? Hapo hata mimi namhurumia.

Bi Kanga hakuridhika. Akauliza mara ya pili, "Mwenye siku ni nani kweli? Mbona gauni amelishika huyu mama?"

"Amembebea tu Bwana Nyani," akasema Nguchiro.

Akauliza mara ya tatu, maana siku ikishaimbwa haiimbiwi mtu mwingine. "Na yeye mama mwenyewe ni nani hapa?"

Nguchiro alikuwa ameshafika mbali, na ujanja ulikuwa umemkolea. Akacheka. "Huyu? Huyu msindikizaji tu."

Msindikizaji tu. Neno jepesi hilo, ukilisema. Bi Nguchiro alilikunja gauni lake tena, taratibu, akalirudisha kikapuni.

Bi Kanga akaleta sahani, kumbikumbi wamepandiana mpaka juu. Wageni wakasimama, wakapiga makofi, wakaimba:

"Mwenye siku, mwenye siku, tukuone!
Simama hapo kati tukuone!
Ulikuja mkavu, utarudi vipi?
Chapachapa!"

Nyani akasimama katikati, sahani mkononi, mdomo umejaa. "Chapachapa ni nini?"

Chwaa! Ndoo ya Pimbi. "Mamaa!"

Chwaa! Jagi la Swala. "Mamaa!"

Chwaa! Sufuria ya Nungunungu. Chwaa! Chwaa! Mtungi mzima mzima wa Bi Kanga! Nyani akaitupa sahani, akaruka meza, akaruka ua, akatoka nduki huku analia, "Wau! Wau! Wau!" Na mpaka leo, mkipita majabalini mkimsikia nyani anabweka "Wau!", msiogope. Amekumbuka.

Wageni walicheka mpaka wakakaa chini. Wakambeba Nguchiro juu juu. "Una akili wewe!" "Umetuondolea kero!" "Hebu tuhadithie tena ulivyomwambia!" Akahadithia. Wakacheka. Akahadithia tena, na ile ya msindikizaji akaitia chumvi, wakacheka zaidi.

Kisha akaiokota sahani. Walikuwa wamebaki kumbikumbi kumi na kitu, hawajalowana sana. Akawapanga vizuri, akamletea mkewe. "Haya, mke wangu! Adui kaondoka. Kula sasa!"

Bi Nguchiro alikuwa amekaa kwenye lile benchi, ananawa mikono. Hajala kitu, ananawa mikono.

"Nimeshiba," akasema.

Toka jana, ndizi moja iliyoungua na kitunguu. Ameshiba.

Hapo ndipo moyo wa Nguchiro ulipoanguka, pu! Akamkimbilia Bi Kanga. "Mama, nakuomba. Siku ilikuwa ya mke wangu. Ulikuwa mzaha tu. Waite watu waimbe tena."

Bi Kanga akaifunika ile mitungi, sasa mitupu. "Nilikuuliza mara ngapi, baba?"

"Mara tatu."

"Watu wameshaimba. Maji yamekwisha. Na wewe mwenyewe umewahadithia mara mbili kwamba huyu hana siku." Alisema bila hasira, na afadhali angekasirika.

Wakarudi nyumbani. Njia nzima hakuna aliyesema "tunakwenda wapi". Nguchiro alikuwa amekiombea kimya hicho tangu Jumamosi, na sasa alipokipata hakujua akifanyie nini. Kwenye kijito, Bi Nguchiro aliinua nguo yake, akavuka juu ya mawe bila kulowana hata ukucha wa mguu.

Wamefika, akalitoa gauni kikapuni, akaliweka mahali pake. Kavu. Mikunjo ile ile ya Jumamosi. Nguchiro akaenda akachota maji kwa kibuyu, akaja akasimama nyuma yake, kibuyu juu. Nyoka alimkimbia huyo, Chui alimpisha, na alishindwa kummwagia mkewe kibuyu cha maji. Alihisi hana ruhusa. Akayarudisha mtungini, na mkewe hakugeuka, ingawa alikuwa amesikia.

Mwaka ukapita. Nguchiro akamwambia, "Mke wangu, twende tena Bwawani. Wawili tu. Moja kwa moja kwa Bi Kanga, kwenye benchi letu. Nimekumbuka. Nilikuwa nakumbuka siku zote. Siku yako ya kuzaliwa inakaribia, au siyo? Twende lini?"

Bi Nguchiro alikuwa anafagia mlango wa kichuguu. Hakusimamisha ufagio.

"Siku yoyote tu, mume wangu," akasema.

Fundisho la hadithi hii ni hili, na mlishike sana. Mkeo akisema "popote", ni popote, hana lake moyoni. Mlafi akikufuata wikendi, mkomeshe kwanza, mke atasubiri. Na mkishachekewa na kusifiwa na mji mzima, basi mmeshinda, hakuna mlichopoteza. Anayetaka kubisha anyooshe mkono. Hakuna? Mama Salme, wewe je?

Hadithi nimeitua, mzigo haupo tena begani. Aliyecheka arudishe kicheko alikokitoa, aliyeazima sikio alirudishe kwa jirani.

Mama Salme, acha mchele huo upumzike. Niambie, leo jioni tule nini? Sema mwenyewe, mke wangu. Hawa wote wanakusikiliza, hata mimi nakusikiliza.

"Chochote tu, Baba Salme."

Mmesikia? Nendeni nyumbani sasa. Kidawa, nipe hiyo ndoo, nataka kwenda kisimani, siku ya mtu isije ikapita na yeye mkavu.