Cherehani ya Bibi Mwanamkuu

Sogeeni, nina kesi imenishinda kuamua.

Huko Muheza aliishi Bibi Mwanamkuu na wajukuu wake watatu, wote watu wazima. Mbwana alijaliwa subira: akienda kunyoa mkesha wa Idi, huwapisha wenzake wote na wala hanuni. Hidaya hakusahau neno alilolisikia. Atakurudishia maneno yako kwa sauti yako na kikohozi chako. Semboja, yeye alijaliwa kulia. Msiba ukitokea hata mtaa wa mbali huitwa, maana akianza yeye hakuna jicho linalobaki kavu.

Zamani simu zilikuwa za shirika moja la serikali. Soko lilipofunguliwa, kampuni zikamiminika. Moja yao, Sautinjema, ikamtuma muuzaji aitwaye Kiango, na tai yake shingoni, hadi barazani kwa Bibi.

"Bibi, bei haipandi kamwe," alisema na kukohoa, Hidaya akisikia yote. "Ukituchoka, rudisha simu yetu, namba unabaki nayo."

Bibi akaweka dole gumba kwenye mkataba.

Bili ikaanza kupanda. Mara ada ya utabiri wa nyota, mara ada ya matokeo ya mpira wa Ulaya.

"Mimi na mpira wa Ulaya wapi na wapi?" Bibi alifoka.

Angeitupa simu ile chooni, lakini binti yake Salha alikuwa akifanya kazi Maskati. Tajiri wake alikuwa amemnyang'anya simu, kwa hiyo kila Ijumaa aliazima ya jirani na kupiga namba pekee aliyoikariri: ya mama yake. Sasa, kwa bili zisizolipwa, kampuni ilitishia kuikata. Bibi hakulala vizuri tena. Akawaita wajukuu.

"Atakayenitoa kwenye mkataba huu, namba yangu ikabaki, cherehani ya marehemu babu yenu ni yake."

Mbwana akapiga simu huduma kwa wateja. Muziki ukalia. Adhuhuri ikapita, muziki unalia. Alasiri ikaingia.

"Anasema mimi ni muhimu sana kwao," Mbwana aliwaambia wenzake, simu sikioni.

"Nani?"

"Mashine."

Jua likiwa linazama, akapokea binadamu. Kwa mshangao wa kukuta mteja bado yupo, yule dada akamnong'oneza siri: "Mikataba anafuta meneja peke yake. Yuko Tanga, ghorofani juu ya duka la magodoro. Kibao hakuna, makusudi."

Wakaenda. Meneja akawatazama, akatabasamu. "Muuzaji wetu hawezi kuahidi hivyo."

Hidaya akasimama, akakohoa kama Kiango, akasema kwa sauti ya Kiango: "Bibi, bei haipandi kamwe. Ukituchoka, rudisha simu yetu, namba unabaki nayo."

Kutoka chumba cha nyuma mtu akadakia, "Eeh, nani ananiigiza? Hayo maneno yangu hayo!" Akatokea Kiango mwenyewe, kikombe cha chai mkononi. Meneja akafumba macho.

"Sawa, aliahidi," akakiri. "Ila kompyuta haikubali kufuta."

Hapo Semboja akaketi sakafuni, akaangua kilio. "Bibi yangu mie! Hatausikia tena wimbo wa sauti ya mwanawe!" Wateja wachache walioigundua ofisi ile, waliokuwa kwenye foleni, wakakumbuka bili zao, wakalia naye. Mlinzi akaacha mlango, akalia. Wanunuzi wa magodoro wakapanda juu kuuliza nani kafariki.

"Nyamazeni, jamani! Nafuta!" Meneja alipiga kelele. Na kompyuta ikakubali.

Ijumaa simu mpya ya Bibi ikaita. "Mama?" Bibi akapiga kigelegele kwa furaha, Semboja akalia, safari hii bila kujitahidi.

Kisha ugomvi ukaanza.

"Bila mimi mngempata wapi meneja?" aliuliza Mbwana.

"Tulimpata, akaikana ahadi," alisema Hidaya.

"Alikiri, kisha akakataa kufuta," alisema Semboja. "Nani alimlainisha?"

Wakiwa bado wanabishana, hodi ikapigwa. Alikuwa Kiango, amefukuzwa kazi, hana tena tai. "Shikamoo, Bibi. Na mimi, kama nisingeitika kule nyuma..."

Bibi Mwanamkuu amekaa na cherehani yake mpaka leo, anamtazama huyu, anamtazama yule.

Haya, nyinyi mliosikia yote: ingekuwa juu yenu, mngempa nani?