Mtama Uliopita kwa Kindi

Haya, sogeeni. Na wewe, acha kumfinya mwenzio. Nimelima tangu alfajiri, mgongo unawaka moto, kwa hiyo nasimulia mara moja tu, sirudii.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majembe na maghala kama sisi, Mzee Nyati na Bi Kifaru walikuwa majirani. Mashamba yao yalipakana. Mwaka mmoja ndege kwelea wakaushukia mtama wa Bi Kifaru, frrr! Wakaula wote. Hakubakiwa na mbegu, wala punje ya kumpikia mwanawe uji.

Si angebisha hodi kwa jirani? Hakubisha. Aliona aibu. Mkikua mtaijua aibu hiyo.

Kindi, kale kadogo kenye mkia wa mbwembwe, akamwona amejiinamia. Mbio hadi kwa Nyati.

"Shikamoo, Mzee! Mtama wote huu unaliwa na fukusi bure? Nipe madebe mawili nimkopeshe mtu. Baada ya mavuno unapokea matatu."

"Marahaba. Mtu gani?"

"Ah, Mzee! Ana aibu zake, usiulize jina. Mimi si nipo katikati? Wasiwasi wa nini?"

Nyati akayawaza hayo matatu, akatabasamu, akatoa. Kindi akachota kwanza vibaba vyake, eti malipo ya miguu, ndipo akaenda kwa Bi Kifaru.

"Mama, mtama huu hapa! Utalipa madebe manne."

"Manne! Mwenyewe nani, nikamwombe apunguze?"

"Thubutu! Hataki ajulikane, watu watajazana mlangoni kwake."

Mtoto alikuwa analia njaa. Bi Kifaru akapokea.

Jamani, kukopa harusi, kulipa matanga. Mvua ikawa haba, mtama ukatoka kidogo. Kila asubuhi, ko! ko! ko!

"Hodi, Mama! Deni!"

Bi Kifaru akatoa debe moja. Kindi akalificha kwenye tundu la mti wake, kisha akaenda kwa Nyati na uso wa msibani.

"Mzee, mdeni wako mzito kulipa. Hajatoa hata punje."

"Mbane!" Nyati akanguruma. "Kama hana mtama, mchukulie hata jembe!"

"Umesema wewe, Mzee."

Jembe likaenda. Kindi akalibadilisha kwa karanga. Bi Kifaru akabaki kulima kwa pembe, ga! ga! ga! jua la utosi, shingo imevimba.

Nyati akamwona pale mpakani. "Jirani, jembe liko wapi?"

"Linanolewa," akajibu, kichwa chini.

Hata mimi nachoka nikifika hapa. Wawili wanapumuliana, na hakuna anayesema neno.

Siku ikafika Bi Kifaru akawa hoi bin taabani. Mtoto alikuwa hata kulia hawezi tena. Akaimeza aibu yake, akaenda kwa Nyati.

"Jirani, nikopeshe kibaba kimoja tu cha uji. Mdai wangu amenimaliza."

"Sikopeshi tena mtu! Nina mdeni huko, simjui hata jina, amenitia hasara. Kila siku Kindi ananiletea visingizio."

"Kindi?" Bi Kifaru akaketi chini. "Kindi ndiye aliyenikopesha. Debe moja nimemlipa. Amechukua mpaka jembe langu."

Nyati akakosa pa kutazama.

"Ni mimi niliyesema lichukuliwe," akasema. "Sikujua ni lako. Mungu wangu, sikuuliza."

Akampa mtama wa mtoto kwanza. Kisha wakaenda pamoja mpaka kwenye mti wa Kindi.

"Teremka, mwizi!"

"Chwi! Chwi! Mwizi?" Kindi yuko juu kabisa, mashavu yamejaa karanga. "Hasara ni yako, Mzee. Deni ni lako, Mama. Mimi mpitishaji tu! Niliwakataza kusalimiana? Si mnalima mpaka mmoja?"

Nyati akaupiga mti kichwa, pu! Karanga moja ikaanguka. Alitaka kuupiga tena, akaona hana nguvu. Wakarudi shambani kulima kwa zamu, jembe moja la Nyati.

Mkopaji na mkopeshaji wasipojuana, anayeshiba ni aliye katikati.