Aliyealika Wateja wa Singo

Simu ziwekeni chini kidogo, jamani, maana kisa hiki kinazisema zenyewe.

Huko Wete palikuwa na Bi Time, mtengenezaji wa singo, ule unga wa waridi, karafuu na liwa ambao bibi harusi husuguliwa nao mwilini kabla ya ndoa. Aliishi na watu watatu. Binti yake Raya alijaliwa subira. Mkamwana wake Zuwena alijaliwa kalamu. Faki, kitinda mimba, alijaliwa jicho, na uvivu kidogo, lakini huo si wa leo.

Biashara ilidorora mpaka kinu kikajaa vumbi. Wale watatu wakasema, tuitafutie watu mtandaoni.

Raya akajiunga na jukwaa la wanawake. Hakuuza kitu. Aliulizwa akajibu, akaulizwa tena akajibu, hata na wale wanaouliza kisha wasisome. Siku moja alimwambia bibi harusi mwenye vipele, "Usinunue kwetu, nenda hospitali kwanza." Yule akapona, akawahadithia wenzake, na tangu hapo neno la Raya likaaminiwa na jukwaa zima.

Zuwena akaandika katika tovuti moja ya maarifa: singo ni nini, hutwangwaje, huanikwaje. Kila aliyetafuta habari za singo akaangukia kwake. Kwa kujisifu kidogo akaongeza na miiko ya nyumba: singo hii hutwangwa na wenye nyumba tu, si vibarua, na bibi harusi akishaahidiwa singo ya hapa, hapakwi ya nyumba nyingine.

Faki akapiga picha za waridi likianikwa na unga ukichekechwa, akazitia kwenye kurasa za maharusi. Nyumba yao akaiweka kwenye ramani ya mtandao, hata mtu wa Muscat akauona mlango.

Watu wakaagiza, jamani, wakaagiza. Na aliyeahidiwa hana pengine pa kwenda, wala vibarua hawaitiki, kwa kuwa wenyewe wameshaandika. Maagizo yaliyokwisha kukubaliwa peke yake yalikuwa ya kutwanga hadi mwakani. Viganja vikaota sugu. Raya alisubiriwa na chuo cha wauguzi. Mume wa Zuwena yuko Muscat, kamtumia viza mara ya pili. Mchumba wa Faki yuko Tanga, kachoka kuahirishiwa harusi. Singo wanayo, bwana harusi ndiye hana nafasi. Mimi huwaonea huruma kweli.

Bi Time akawaita. "Wanangu, kinu kinataka watu watatu. Mmoja wetu anaweza kwenda zake. Ila mwenye kualika ndiye mwenye kupika. Aliyewavuta watu hawa abaki awatimizie."

Basi dunia ikageuka. Watu waliozoea kugombea sifa wakaanza kuzikimbia.

"Mimi nilikuwa napiga soga tu," alisema Raya. "Watu wamefuata maandishi ya wifi."

"Maandishi nani anayasoma siku hizi, mama?" Zuwena akasema. "Ni picha za Faki hizo."

"Picha hata mtoto anapiga," Faki akajibu. "Anayeaminiwa ni dada Raya."

Wakazunguka hivyo, kila mmoja akimsifu mwenzake ili amfunge. Bi Time aliwasikiliza mpaka wakanyamaza.

"Hakuna aliyeniuliza mimi," akasema. "Sikujibu mtu, sikuandika, sikupiga picha. Nimechoka, wanangu. Dada yangu kule Chake ananiita nikakae naye, na mimi nataka kwenda."

Kwa sharti lake mwenyewe, Bi Time hakualika hata mteja mmoja. Lakini nyumba ni yake, na mwiko walioandika unataka singo itwangwe na wenye nyumba; akiondoka yeye, hao wenye nyumba watakuwa nani?

Nimekisimulia kisa hiki kwingi na kila mara nakwama hapahapa. Mlango ni mmoja, wanaoutaka ni wanne. Wewe uliyenisikiliza, ungemfungulia nani? Na wale watatu unaowarudisha kinuni, ungewatazama usoni ukawaambia nini?