Kicheko cha Bi Somoe na Maziwa ya Sultani

Palikuwa na sultani aliyewakataza watu wake kucheka. Si kucheka msikitini, wala si kucheka matangani, la, kucheka popote. Mabibi harusi walisindikizwa na wapambe waliojiziba midomo kwa kanga kama wenye jino bovu. Na sababu ya yote hayo ilikuwa nini? Maziwa.

Sultani huyo, Shekuwe jina lake, alipenda maziwa kuliko wake zake, na wake zake walimshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kila siku ikifika adhuhuri, maziwa yake yamechacha, yamejaa mabonge. Akamtuma Waziri Famau achunguze. Famau akachunguza kama mawaziri wanavyochunguza: akamtafuta maskini wa karibu. Akampata Bi Somoe, mjane aliyeleta maziwa jumbani, mwenye ng'ombe mmoja na kicheko cha watu kumi. Akicheka kwake, kuku wa mtaa wa pili wanaruka.

"Huyu hucheka anapokama," Famau akasema. "Kicheko kinaingia kwenye maziwa, maziwa yanachacha."

Basi mji ukafungwa midomo, na Bi Somoe akaitwa barazani kuambiwa ahame, ng'ombe wake abaki kwa Sultani.

"Ni kweli hucheka unapokama?" Sultani akauliza.

"Kweli, Maulana. Na ng'ombe naye angecheka, ila yeye hajui habari za mji huu."

"Waziri amekupima, umeshindwa."

"Amenipima kwa nini? Kwa pishi?"

Famau akajitokeza, kifua mbele. "Nimelinganisha maziwa yako na ya shangazi yangu. Shangazi hajacheka tangu siku aliyoolewa. Yake yamefika jioni mazima. Yako adhuhuri hayanyweki."

"Ya shangazi uliyaweka wapi?"

"Ukumbini, kivulini, ndani ya mtungi mpya."

"Na yangu?"

"Juu ya paa, ndani ya chungu cha jikoni."

"Chungu kilioshwa?"

"Kilipanguswa."

"Waziri, twende tukashindane mbio, mimi na wewe. Wewe ubebe gunia la chumvi, mimi nibebe upepo. Nikikupita, tuseme nimekupita kwa sababu nacheka?"

Watu barazani wakaangalia miguu yao, maana kucheka kulikuwa jela.

"Wewe ungepimaje?" Sultani akauliza.

"Kitu kimoja kibadilike, vingine vyote vikae vilevile. Ukibadilisha viwili, kosa likitokea hujui umchape nani. Ng'ombe mmoja, mkamuo mmoja, mitungi miwili mipya, vyumba viwili mapacha visivyoingiwa na jua. Mtungi mmoja nicheke juu yake. Wa pili, Waziri aukalie kimya. Ikiwa wangu tu ndio utakaochacha, ng'ombe nawaachia na kwaheri siagi."

Ikawa hivyo. Asubuhi Bi Somoe akajifungia na mtungi wake, akacheka mpaka vumbi likadondoka darini. Kutoka chumba cha pili kikasikika kilio. Akaenda kuchungulia. Famau alikuwa ameinamia mtungi, akiutajia wafu wa ukoo wake mmoja mmoja.

"Waziri, unafanya nini?"

"Nauhuzunisha."

"Nimesema unyamaze, sikusema uyalize maziwa. Hicho ni kitu cha pili. Futa machozi, yasije yakadondokea humo."

Sultani naye hakutulia. Kila baada ya muda aliingia chumba hiki, akachovya kidole, akalamba. Akaingia chumba kile, akachovya, akalamba. Mkononi ana kibakuli cha achari ya ndimu, anakula kwa vidole vilevile. Adhuhuri mitungi yote miwili ilikuwa mabonge.

"Kicheko kimepenya ukuta," Famau akasema.

"Kikapita kwako bila wewe kucheka?" Bi Somoe akamjibu. "Maulana, wa kucheka umechacha, wa kununa umechacha. Kicheko hakimo. Ila kipo kitu kilichoingia mitungi yote miwili."

"Kitu gani?"

"Kidole."

Famau akadakia. "Kidole cha Sultani ni baraka, we mwanamke."

"Nami nasema ni baraka. Basi tuipime, mji mzima uione. Kesho nitakaa ukumbini, milango yote miwili wazi, nicheke sawasawa kwa huku na huku. Maulana achovye mtungi mmoja tu. Wenye baraka utasalimika, uliokosa utachacha. Au Waziri ana wasiwasi na baraka ya bwana wake?"

Sultani akamtazama. "Una wasiwasi, Famau?"

"Mimi, Maulana? Hata chembe."

Kesho yake Bi Somoe akacheka, milango wazi. Sultani akachovya mtungi wa kulia mpaka akachoka, ndimu inamdondoka kwenye kucha. Wa kushoto haukuguswa na mtu. Adhuhuri watu wakaitwa. Mtungi wa kulia ungeweza kuukata kwa kisu. Wa kushoto, Bi Somoe akauchota kwa upawa safi, akampa Sultani. Akanywa. Matamu. Akanywa tena, polepole, kama mtu anayetafuta kosa ndani ya kikombe. Halikuwemo.

Ukumbi mzima ukajiziba midomo. Ila Bi Somoe. Yeye kicheko kilianza mabegani, kikashuka tumboni, kikatoka chote.

Sultani akasimama, ndevu nyeupe kwa maziwa. "Unathubutu kusema mbele ya watu wangu kwamba mwenye kuchachisha maziwa ni mimi?"

"Nimesema, Maulana? Sijatamka neno. Nimecheka tu, na kicheko tumeshakipima: hakiharibu kitu."