Nani Anakunywa Bahari ya Kiboko?

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapanga nyumba, wanapiga pasi nguo za sikukuu na kugombania zamu ya kufagia uwanja, Digidigi aliishi na mkewe, Bi Raya, katika nyumba ya vyumba viwili juu ya kilima.

Digidigi mnamjua. Ni yule swala mdogo, mwenye pembe fupi kama penseli iliyochongwa mpaka inakaribia kuisha. Chini ya kila jicho ana alama nyeusi, na asiyemjua hudhani analia.

Bi Raya alikuwa mzaliwa wa pwani. Alipoolewa na kuhamia kilimani hakulalamika, lakini kila upepo ulipotoka upande wa bahari alisimama mlangoni akanusa.

"Unanusa nini?" mumewe alimuuliza.

"Kwetu," alisema Bi Raya. "Ungeniletea bahari, ningerudi ndani."

"Kiasi gani?"

"Kidogo tu. Ya kukaa dirishani."

Bi Raya alikuwa anatania. Digidigi hakujua kutania. Alishuka pwani asubuhi, akarudi jioni na dumu la maji ya chumvi, mfuko wa mchanga, na jiwe la mwambani lililojaa vijidudu hai, limefungwa kwenye kitambaa kibichi ili visikauke njiani. Wakavitia vyote katika chombo cha kioo kisichozidi sufuria ya wali wa watu wawili. Wakaweka na kipampu cha kupuliza hewa: blu, blu, blu. Kisha wakangoja.

"Mbona hamna kitu humo?" majirani waliuliza.

"Bado," alijibu Bi Raya. "Bahari mpya ni kama nyumba mpya. Ukihamia kabla rangi haijakauka, utaumwa kichwa."

Wakangoja mpaka maji yakatulia na jiwe likaota ukijani. Ndipo wakaleta konokono mmoja, kamba mmoja mwenye mistari, na tumbawe hai dogo kama kifungo cha shati. Samaki hawakuweka. Bi Raya alisema si adabu kumkaribisha mgeni mahali asipoweza hata kugeuka.

Halafu akachukua rangi yake ya kucha, nyekundu, akachora mstari kwenye kioo, pale maji yalipoishia.

"Maji yakishuka chini ya mstari huu, ongeza ya mvua mpaka yaufikie. Ya mvua, si ya chumvi. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Haya, sema."

"Ya mvua, si ya chumvi."

Kwa nini maji yashuke, na hakuna aliyeyamwaga? Anayejua anyamaze kwanza, asiwaharibie wenzake.

Masika yalipoingia Bi Raya aliugua, na masika hayajaisha akafa. Digidigi hakuacha kuongeza maji. Kila asubuhi alichukua kikombe kimoja, akamimina taratibu, mpaka kwenye mstari.

Siku moja Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Kiboko, alikuja kumpa pole. Alichelewa kidogo, kwa sababu kilima ni kirefu naye ni mzito. Nyuma yake alikuja Fisi, mgambo wake, akiwa amebeba kofia ya bosi.

Kiboko akakaa. Kiti kikasema kwaaa.

"Pole sana, jirani."

"Asante, Mwenyekiti."

"Marehemu alikuwa mtu mwema."

"Alikuwa mwema."

"Ndiyo hali ya dunia. Hicho cha dirishani ni nini?"

"Bahari," alisema Digidigi. "Ya Bi Raya."

Kiboko akainuka, akasogeza pua mpaka kioo kikaingia ukungu. Kamba akajificha nyuma ya jiwe.

"Nzuri," alisema Kiboko. "Sikiliza, jirani. Nina wageni wanakuja kumposa binti yangu. Watu wa mto wa juu, wenye majivuno sana. Wana redio mbili. Bahari hawana. Fisi atakuja kuichukua hii keshokutwa."

"Ni kumbukumbu ya mke wangu, Mwenyekiti."

"Na kwangu itakuwa kumbukumbu. Tena sebule yangu ni kubwa."

Digidigi akaitazama bahari yake. Alimfahamu Kiboko. Mwaka uliopita alipewa mche wa mpera, akausifu, kisha akaukalia. Mikononi mwake tumbawe lile lisingemaliza hata wiki mbili. Lakini mwenye pembe za penseli atamwambia nini mwenye mdomo kama mlango wa ghala?

"Ichukue, Mwenyekiti," alisema. "Naogopa tu wageni watacheka."

"Wacheke nini?"

"Waseme, mwenyeji mzima, kifua kile, tumbo lile, na bahari yake haitoshi hata kusukutulia mdomo."

Fisi akacheka, kwi kwi kwi. Kiboko akamtazama. Fisi akakohoa.

"Sasa unashauri nini?" aliuliza Kiboko.

"Una beseni la kuogea. Nitakutengenezea bahari ya kipimo chako."

Kiboko akajipapasa tumbo, akafikiri. "Na ikishindikana?"

"Ikishindikana, utachukua hii." Neno lilimtoka kabla hajapata muda wa kuliogopa.

"Umesikia, Fisi? Wewe ni shahidi."

"Nimesikia, bosi. Ila maji ataleta nani?"

Kiboko akamsogezea madumu.

Basi Fisi akashuka pwani na madumu, akapanda nayo, akashuka tena, akapanda tena, ulimi nje.

"Hivi bahari ina uzito namna hii?" alilalamika.

"Umebeba chembe tu," alisema Digidigi. "Nyingine bado iko kule."

Digidigi mwenyewe alichagua mawe. Hakutaka kiumbe chochote kiumie kwa ajili ya ujanja wake, kwa hiyo hakugusa jiwe hai hata moja. Alichukua mawe makavu, yaliyokuwa yamelala juu ya mchanga miaka mingi bila mpangaji.

Beseni likajaa. Blu, blu, blu.

"Tuliweke wapi?" aliuliza Digidigi.

"Barazani," alisema Kiboko. "Pale mbele kabisa, ili hata anayepita njia alione."

"Pale jua ni kali, Mwenyekiti."

"Vizuri. Litang'aa."

"Sawa. Mimi nimesema."

"Na viumbe?"

"Bado. Bahari mpya inangoja. Maji yakitulia tutaleta wakazi. Kwa sasa usiruhusu mtu atie kitu wala atoe kitu."

Hakuna uongo hapo. Rudini nyuma mkague neno kwa neno. Digidigi alijibu kila alichoulizwa, na kuhusu jua alitaja hata lile ambalo hakuulizwa.

Baada ya siku chache Kiboko alimwita, sauti ikitetemesha mabati.

"Jirani, bahari yangu inapungua."

Digidigi akachungulia. "Kweli, imepungua."

"Imevuja?"

Wakapapasa sakafu chini ya beseni. Kavu kabisa.

"Basi kuna mwizi," alisema Kiboko. "Anakunywa."

"Yupo anayekunywa, hilo sikatai."

"Unamjua?"

"Hebu onja kwanza, Mwenyekiti."

Kiboko akaonja. Tfu.

"Chumvi ipo," alisema Digidigi. "Tena imezidi. Anayekuja hapa anakunywa maji na kuacha chumvi."

Kiboko akafumba macho, akafikiri kwa bidii. Kufikiri hakukuwa kazi yake ya kila siku. Halafu akafumbua jicho moja.

"Fisi."

"Naam, bosi."

"Wewe unakula mifupa bila chumvi."

"Ndiyo, bosi. Daktari alinikataza."

"Ahaa."

"Ahaa ya nini, bosi?"

"Mtu asiyependa chumvi akinywa bahari, chumvi ataiacha. Au si hivyo, jirani?"

"Mimi ni mtu wa kilimani," alisema Digidigi. "Mambo ya mgambo siyajui."

Kuanzia hapo Fisi hakuwa na raha. Alilinda beseni kutwa, na kila alipotazama aliona maji yameshuka, na hakuna aliyefika. Akaanza kumshuku bosi wake. Nani mwingine mtaani ana mdomo wa kupunguza bahari kwa mkupuo mmoja? Lakini utamwambiaje Mwenyekiti kwamba anajiibia?

Fisi akaona njia ni moja: kujaza pengo kimyakimya. Kiboko alipolala mchana, Fisi alikimbia pwani na dumu, akarudi anahema, akamimina. Chubwi. Maji yakafika juu. Kesho yake yakashuka, akakimbia tena. Hakuna aliyemwambia amimine ya mvua, na yeye hakumuuliza mtu. Chumvi ikarundikana juu ya chumvi mpaka mdomo wa beseni ukaota ukoko mweupe.

Kiboko akaonja. Tfu, tfu, tfu.

"Hii sasa ni achari. Fisi, umetia chumvi?"

"Sijatia chumvi, bosi. Nimeongeza bahari."

"Kwa hiyo umeigusa."

"Nimeigusa kwa kuijaza."

"Anayejaza ndiye anayejua kilichotoka."

"Na anayelala karibu na beseni ndiye mwenye kiu," Fisi alinung'unika.

"Umesemaje?"

"Nimesema jua kali leo, bosi."

Hapo Fisi alilitaja jina la mwizi kwa kinywa chake mwenyewe, na hata yeye hakujisikia.

Wakagombana mpaka majirani wakatoka kusikiliza. Fisi akavua mkanda wa umgambo, akautundika kwenye msumari, akaenda zake. Kiboko akaapa kulinda mwenyewe. Akakaa barazani kutwa bila kupepesa macho, mtoni haendi, wala matopeni. Na mwizi akanywa mbele ya macho yake, taratibu, bila haraka. Ngozi ya Kiboko ikakauka, ikapasuka kama uji uliosahauliwa kwenye sufuria.

Mwishowe akampelekea Digidigi ujumbe aje.

"Jirani," alisema kwa sauti ndogo, "imeshindikana."

"Naona, Mwenyekiti."

"Basi mapatano ni mapatano. Niletee ile ya dirishani."

Digidigi alijua neno hilo lingekuja. Hata hivyo lilimchoma.

"Nitaileta," alisema. "Nifundishe tu pa kuiweka, halafu nami nikufundishe zamu yako."

"Zamu gani?"

"Ya kumpa yule anayekunywa. Kwangu pia anakuja."

Kiboko akainua kichwa. "Anakuja kwako?"

"Kila siku. Tangu marehemu yuko hai."

"Na humkamati?"

"Hakamatiki. Umekaa naye hapa muda wote huu, umemkamata? Mimi kila asubuhi namrudishia alichokunywa. Kikombe kimoja cha maji ya mvua, mpaka kwenye mstari."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Na siku ya mvua?"

"Siku ya mvua anakunywa kidogo. Lazima uangalie."

"Na nikiwa na wageni?"

"Wageni watasubiri."

"Na nikiwa mtoni, nimelala vizuri, maji yamenifika hapa?" Kiboko akajigusa masikio, kwa huzuni.

"Utatoka. Ile yako ilikuwa beseni zima, ukaona ilivyoenda. Ya dirishani ni ndogo. Ukisahau siku chache tu, konokono anakufa, kamba anamfuata, na tumbawe linakuwa jeupe."

Kiboko akatazama ngozi yake. Akatazama barabara inayoteremka mtoni.

"Jirani," alisema, "marehemu alikuachia wewe kitu kile, au alikuachia kazi?"

"Vyote viwili."

"Basi baki navyo. Mimi nyumbani kwangu sitaki kitu kinachoniamsha."

Akainuka, akateremka mtoni bila kofia. Bwataa. Maji yakapanda kingo zote mbili. Wageni wa posa walipofika aliwapokea humo humo, na wanasema binti aliolewa vizuri tu.

Digidigi akapanda kilima. Mlangoni kwake alimkuta Fisi amekaa kwenye kizingiti.

"Nimekuja kuuliza jambo moja," alisema Fisi. "Kazi nimeacha, bosi nimegombana naye, mgongo unaniuma. Niambie ukweli. Nani alikuwa anakunywa?"

Digidigi akainua kidole juu. Fisi akatazama angani, akafumba macho kwa ukali wa mwanga, akapiga chafya. Kisha akaelewa.

"Yule?"

"Yule."

"Na nilimtaja mbele ya bosi."

"Ulimtaja."

Fisi akaanza kucheka, kwi kwi kwi, akacheka mpaka akajishika mgongo. Digidigi naye akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu masika.

Asubuhi alichukua kikombe. Maji yalikuwa yameshuka upana wa ukucha. Kamba alikuwa amekaa juu ya jiwe, na tumbawe limefunguka. Akamimina ya mvua, si ya chumvi, kisha akaona mstari mwekundu umeanza kubanduka pembeni. Akatafuta kichupa kabatini. Rangi ilikuwa imekauka nusu, lakini iliyobaki ilitosha. Akapitisha juu ya mstari wa Bi Raya, taratibu, pale pale alipouchora.

Wanangu, kitu hai si cha anayekitamani, ni cha anayekikumbuka kila asubuhi.

Hadithi yangu imefika kwenye mstari, msiiongeze chumvi.